Deni, Dagaa na Minyororo: Tunachokosea Kuhusu Ujiji ya Zamani na Ulaya ya Zama za Kati

Taja Ulaya ya Zama za Kati mbele ya mtu yeyote aliyeangalia Game of Thrones, atakupa picha ileile: ngome ya mawe, matope, mfalme anararua paja la nyama kwa meno, na kule chini kwenye chumba cha giza kuna mtu anateswa kwa mashine yenye misumari. Sasa taja Ujiji mbele ya mtu huyohuyo. Atakupa picha moja pia: Mzungu anavua kofia chini ya mwembe na kumsalimia Mzungu mwenzake. Akijitahidi sana, ataongeza minyororo ya watumwa.

Picha hizi mbili zina ugonjwa mmoja. Zote zilichorwa na watu waliokuwa na kitu cha kuuza: kitabu, gazeti, tiketi ya maonyesho, na siku hizi filamu. Na zote zinaruka maswali mepesi kabisa. Watu walikula nini? Nani alilima na nani alipika? Mtu wa kawaida akikosea, alilipa vipi?

Tuyafuate maswali hayo kwa pamoja, chakula na adhabu, maana ukiyafuata hadi mwisho yanakutana mahali pamoja. Na hapo yanapokutana ndipo ilipo historia ambayo familia nyingi za kando ya Ziwa Tanganyika hazipendi kuizungumza kwa sauti.

Jambo moja kabla hatujaenda mbali. Wanahistoria wakisema Zama za Kati wanamaanisha takriban mwaka 500 hadi 1500. Ujiji tunayoisoma kwenye maandishi ni ya karne ya 19. Kwa hiyo hapa hatusemi kwamba Ujiji ya 1870 ilikuwa "nyuma" kama Ulaya ya 1270. Huo ni ubaguzi wa zamani uliovishwa nguo za kisomi. Tunazilinganisha kwa sababu moja tu: kote kuwili, kifungo cha jela hakikuwa adhabu ya kawaida. Sasa kama humfungi mtu miaka mitano, unamfanya nini?

Mashine ambayo haikuwepo

Tuanze na ile mashine ya misumari. Umeiona kwenye katuni na makumbusho: sanduku la chuma lenye umbo la mwanamke, ndani limejaa miiba. Hakuna ushahidi kwamba lilitumika Zama za Kati. Habari yake ilienezwa na mwandishi Mjerumani, Johann Philipp Siebenkees, mwaka 1793, karibu miaka 300 baada ya Zama hizo kuisha. Masanduku yenyewe yaliundwa baadaye, watu wakapanga foleni kuyatazama. Karne iliyojiona imestaarabika ilihitaji babu mkatili wa kujilinganisha naye.

Chakula nacho kina uongo wake. Eti Wazungu wa kale walimwaga viungo vingi kwenye nyama ili kuficha harufu ya kuoza. Hebu piga hesabu mwenyewe. Pilipili manga ilitoka kusini mwa India, ikavuka Bahari ya Hindi, ikapita mikono ya wafanyabiashara kadhaa kabla ya kufika London. Mtu mwenye hela ya kuinunua alishindwaje kununua nyama ya siku hiyo?

Watu wengi walikula chakula cha kawaida sana: mkate, uji mzito wa nafaka, njegere, kabichi, vitunguu, na bia nyepesi ya kunywa. Mkate mweupe wa ngano ulikuwa wa wenye nacho. Maskini alikula mweusi. Ijumaa na siku za Kwaresima Kanisa lilikataza nyama, kwa hiyo samaki wakawa biashara kubwa. Viazi mviringo, nyanya na mahindi hawakuvijua. Mimea hiyo ilikuwa bado Amerika, ikingoja mwaka 1492.

Chumvi ya Uvinza

Na huku kwetu, miaka hiyohiyo? Kwa pwani tuna shahidi aliyeandika. Ibn Battuta alipita mwaka 1331, na alipokuwa Mogadishu, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa, alieleza sahani aliyowekewa: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na tangawizi. Sema ukweli, hiyo ungeila hata leo mchana.

Kando ya Ziwa Tanganyika hakuna aliyetuandikia sahani, lakini tuna shahidi wa aina nyingine: vipande vya vyungu na majivu. Uvinza, mwendo wa mashariki ya Kigoma karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wanahistoria J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walichimba pale na kuonyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo kutoa chumvi tangu katikati ya milenia ya kwanza. Yaani wakati Milki ya Roma ya Magharibi imetoka tu kuanguka, Uvinza moto ulikuwa unawaka chini ya vyungu.

Kwa nini chumvi ni jambo kubwa hivyo? Mtu anayeishi kwa nafaka na mboga hapati chumvi nyingi kama anayekula nyama na maziwa, kwa hiyo huitafuta. Chumvi pia huvuta maji kutoka kwenye nyama ya samaki, na bakteria wa kuozesha hawawezi kuzaana pasipo maji. Ulaya ya Kaskazini ilijenga utajiri juu ya kanuni hiyo: chumvi ya mji wa Lüneburg, Ujerumani, ilikutana na samaki wa Bahari ya Baltiki, wakajazwa kwenye mapipa na kuuzwa nchi za mbali. Huku kwetu kazi hiyohiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na jua. Dagaa ni mdogo, ana eneo kubwa la ngozi kulinganisha na uzito wake, kwa hiyo hukauka upesi na kusafiri. Chumvi ya Uvinza yenyewe ilisafiri mbali sana kuzunguka ziwa, na watawala wa eneo hilo walichukua fungu lao kama kodi kwa kila aliyekuja kuchemsha.

Ila tusijipe sifa zisizo zetu. Ugali wa muhogo, ambao mtu wa Kigoma anauona ni wa asili kabisa, haukuwepo miaka hiyo. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika, vikaletwa na Wareno pwani ya Atlantiki, vikapenya Kongo kidogo kidogo hadi ziwani. Kabla ya hapo sufuria ilijua mtama na ulezi. Na muhogo haukuja na ugali tu, ulikuja na kazi. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sianidi, sumu kabisa. Kuuloweka, kuuacha uchachuke, kuuanika na kuutwanga ndiko kunakoondoa sumu hiyo. Tukisema "chakula rahisi" tunasahau saa za mikono ya mtu. Kumbuka mikono hiyo, tutairudia.

Asubuhi sokoni Ujiji

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, wagonjwa, mmoja haoni vizuri na mwingine hawezi kutembea sawasawa. Walichokikuta hakikuwa kijiji kilicholala. Kulikuwa na soko. Maandishi ya Burton, na ya wageni waliomfuata, yanataja mihogo, mahindi, viazi vitamu, maharage, ndizi, mbuzi, kuku, samaki wabichi na wakavu, tembo la mchikichi, na mafuta ya mawese yaliyokuwa yakibebwa kupelekwa mbali mashariki. Ukitoa mahindi ya kuchoma na chipsi, unaweza kuitembelea orodha hiyo leo kwenye masoko ya Ujiji na Mwanga.

Wauzaji walikuwa wa pande zote: Wajiji wenyewe, ambao ni Waha wa kando ya ziwa, wavuvi, Wavinza na chumvi yao, watu wa Burundi na ng'ambo ya Kongo wakija kwa mitumbwi. Juu yao kulikuwa na watu wa pwani na Waarabu waliofuata pembe za ndovu na watumwa. Kiongozi wao miaka ya 1870 alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa pwani ya kaskazini, ambaye baadaye alipokea bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Ardhi na masuala ya Wajiji yalikuwa chini ya wakuu wao wenyewe, waitwao watware.

Pesa ilikuwa shanga. Edward Hore, mmisionari Mwingereza aliyeishi Ujiji kuanzia 1878, alieleza mfumo wake: uzi mmoja ulikuwa na shanga 20, na nyuzi 10 ziliitwa fundo. Kitambaa cha yadi 4, yaani doti, kilibadilishwa kwa fundo 9 hadi 11, na kiwango hicho kilipanda na kushuka kila siku kulingana na wingi wa vitambaa vilivyoingia sokoni. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waafrika "walidanganywa kwa shanga", mwambie hiyo ni sawa na kusema leo tunadanganywa kwa karatasi zenye picha. Ilikuwa sarafu, ikiwa na kiwango cha kubadilisha na wabadilishaji wake. Msafara ulioingia na rangi ya shanga ambayo soko haliitaki ulilala njaa.

Orodha moja ya bei

Hadi hapa unaweza kuipenda Ujiji hiyo. Sasa tusome orodha moja ya bei.

Henry Stanley, aliporudi Ujiji mwaka 1876, aliandika bei za soko kwa hesabu ya vitambaa. Kuku 12, kitambaa 1. Mbuzi, vitambaa 2. Ng'ombe dume, vitambaa 10. Halafu, kwenye orodha hiyohiyo, bila hata kubadili ukurasa: mvulana wa miaka 10 hadi 13, vitambaa 16. Wasichana walikuwa ghali kuliko wavulana.

Rudi kwenye ile mikono inayoloweka muhogo. Sehemu kubwa ya mikono iliyolima mashamba ya matajiri wa Ujiji, iliyotwanga, iliyoteka maji na iliyopiga kasia, ilikuwa mikono ya watu walionunuliwa, wengi wao wakitoka ng'ambo ya ziwa, nchi ya Manyema. Si wote walifungwa minyororo kila siku. Wengine walioa, walilima cha kwao, walibeba bunduki za bwana wao, wakawa na watumwa wao pia. Lakini chakula cha mji kilikuwa na deni ndani yake.

Na neno hilo, deni, ndilo linalotupeleka kwenye adhabu.

Bei ya jino, bei ya mtoto

Sheria ya kale kabisa ya Kiingereza tuliyonayo ni ya mfalme Æthelberht wa Kent, ya miaka ya 600 hivi. Ukiisoma ukitegemea damu, utashangaa: ni orodha ya bei. Ukimng'oa mtu jino la mbele, shilingi 6. Ukimkata kidole gumba, shilingi 20. Hata ukucha una bei yake. Mantiki ilikuwa kwamba jeraha ni deni. Ukilipa fidia, koo mbili hazitauana. Mantiki hiyo ilikuwepo pia katika jamii nyingi za kuzunguka maziwa yetu, ambako kesi ya kuua, kuzini au kuiba iliweza kuishia kwenye ng'ombe, mbuzi, majembe au vitambaa. Kwa kweli ni mantiki ya watu wenye akili. Fidia inamponya aliyeumizwa kuliko kumtazama mkosaji akinyongwa.

Tatizo ni pale mkosaji anapokuwa hana kitu.

Katika Uingereza kabla ya 1066, mtu aliyeshindwa kulipa faini angeweza kufanywa mtumwa kwa hukumu, na lugha yao ilikuwa na neno maalumu la mtumwa wa namna hiyo. Daftari la mali la Uingereza la mwaka 1086, lililoandikwa kwa amri ya mfalme William, linaonyesha takriban mtu mmoja kati ya kumi akiwa mtumwa. Watu waliuzwa kutoka bandari ya Bristol kupelekwa Ireland, hadi askofu Wulfstan wa Worcester akahubiri kuipinga biashara hiyo. Umewahi kuiona hiyo kwenye filamu? Utaona mashine ya misumari ambayo haikuwepo, hutaona mtumwa wa deni aliyekuwepo.

Sasa vuka uje magharibi mwa Ziwa Tanganyika, karne ya 19. Msichana aliyeitwa Bwanikwa alizaliwa miongoni mwa Waluba. Mke mmoja wa baba yake alifariki, na ndugu wa marehemu wakadai fidia ya watu. Baba hakuweza kutimiza idadi. Akamtoa binti yake. Kuanzia hapo Bwanikwa alipita mikono ya wenye mali karibu mara kumi, hadi alipopata uhuru na kusimulia maisha yake kwa mmisionari aliyeyaandika. Mwanahistoria Marcia Wright ameyachambua katika kazi yake kuhusu wanawake na utumwa katika ukanda huu.

Angalia kilichotokea. Bwanikwa hakuiba, hakuua. Hakutekwa vitani. Alikuwa chenji. Desturi ya kumweka mtu rehani hadi deni lilipwe inaweza kuwa ya zamani, na katika nyakati za kawaida mtoto wa rehani angekaa kijiji cha jirani, akakombolewa baba akipata mbuzi. Lakini soko lilipokuwa linamlipa mwenye rehani vitambaa 16 kwa mtoto, nani angesubiri mbuzi wa baba? Bei ya mbali iliigeuza sheria ya karibu. Fidia iliyobuniwa kuzuia damu ikawa mlango wa kuingilia minyororo.

Kiapo

Kuna swali jingine ambalo kila mahakama inalo: ukikosa shahidi unafanyaje? Ulaya ya Zama za Kati, mshtakiwa aliweza kushikishwa chuma cha moto, mkono ukafungwa kitambaa, ukakaguliwa baada ya siku tatu. Ukipona vizuri, Mungu amemtetea. Upande wetu, nchi nyingi za kusini mwa ziwa zilijua mwavi: mshtakiwa hunywa dawa ya gamba la mti, akitapika hana hatia, asipotapika hufa.

Tukiishia kusema "ujinga", tunapitwa na jambo zuri. Mji wa Várad, ambao leo uko Romania kwa jina la Oradea, ulibakiza daftari la viapo vya chuma cha moto vya miaka 1208 hadi 1235. Kati ya kesi 208 zilizofikia mwisho, washtakiwa 130 waliachiwa. Chuma cha moto hakichagui, kwa hiyo idadi hiyo inaonyesha mkono wa binadamu: mapadri waliosimamia walikuwa na nafasi ya kuamua joto la chuma, mwendo wa sherehe, na jinsi ya kulisoma jeraha. Na mtu anayejua ana hatia, akiamini kiapo kweli, mara nyingi hukiri au kupatana kabla ya kukigusa. Kanisa liliwakataza mapadri kushiriki mwaka 1215, kwenye Mtaguso wa Nne wa Laterani. Baada ya hapo Uingereza ilielekea kwenye baraza la wazee wa hukumu, wakati nchi kadhaa za bara zilielekea kutafuta ungamo, hata kwa mateso. Yaani chumba cha mateso cha filamu zetu kilishamiri zaidi baada ya kiapo kuondoka. Na moto mkubwa wa kuwachoma "wachawi" uliwaka hasa karne za 16 na 17, Zama za Kati zikiwa zimekwisha.

Kuku mmoja

Turudi sokoni mara ya mwisho, ila safari hii ng'ambo, Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa pale. Soko lilijaa watu, wengi wao wanawake waliovuka mto na vyungu, samaki na mihogo. Watu wenye bunduki, waliofungamana na wafanyabiashara wa pwani, waliingia. Mmoja alikuwa akibishania bei ya kuku. Risasi zikaanza. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa ni kati ya 330 na 400.

Livingstone aliishiwa karatasi, kwa hiyo aliandika juu ya gazeti la zamani kwa wino aliotengeneza kwa mmea. Kwa zaidi ya karne moja kurasa hizo hazikusomeka. Kisha timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ikazipiga picha kwa mwanga wa rangi moja moja, kuanzia ule usioonekana wa kabla ya zambarau hadi ule usioonekana wa baada ya nyekundu. Siri yake ni rahisi. Wino wa gazeti una kaboni, unabaki mweusi chini ya mwanga wowote. Wino wa mmea hupotea chini ya mwanga wa mwisho wa nyekundu. Kompyuta ikilinganisha picha hizo mbili, inaweza kufifiza gazeti na kubakiza mwandiko. Mwaka 2011 maandishi yakatolewa kwa umma, na watafiti wakaona tofauti kati ya daftari hilo la porini na toleo lililochapishwa 1874, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe. Hata shahidi tunayempenda alikuwa na sehemu alizopunguza makali.

Baada ya mauaji hayo Livingstone alirudi Ujiji, akafika tarehe 23 Oktoba 1871, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa na aliyekabidhiwa kuzitunza. Wiki chache baadaye akaja Stanley. Hiyo ndiyo saa ambayo dunia inaikumbuka, na Hollywood iliitengenezea filamu mwaka 1939. Ile salamu maarufu yenyewe ina shaka, kwa sababu kurasa za siku hiyo kwenye daftari la Stanley zilichanwa. Lakini hata kama aliisema, fikiria tulichobadilishana: wanawake mamia wa Nyangwe wametoka kwenye kumbukumbu, imeingia sentensi moja ya adabu.

Kiboko cha kisasa

Mwaka 1896 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji. Mwaka huohuo amri kutoka Berlin iliweka utaratibu wa kuchapa makoloni ya Afrika: viboko visivyozidi 25 kwa mara moja, na adhabu iliweza kurudiwa baada ya wiki mbili. Waarabu na Wahindi hawakuchapwa. Kiswahili kikaibakiza adhabu hiyo kwa jina la hamsa ishirini. Karne iliyounda sanduku la misumari ili kuwacheka mababu zake ilikuwa, wakati huohuo, inahesabu viboko kwenye migongo ya watu wetu na kuviandika kwa mwandiko nadhifu.

Utumwa wenyewe Wajerumani hawakuufuta moja kwa moja. Walitangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja na Waingereza, mwaka 1922. Hiyo si zamani za kale. Mtu aliyezaliwa mtumwa Ujiji aliweza kupanda treni, maana reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na aliweza kumbeba mjukuu ambaye leo ni bibi yako.

Cha kuuliza

Ujiji leo ina makumbusho ya Livingstone na miembe yake, na Tanzania iliiingiza njia ya zamani ya utumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni jambo jema. Ila ukitembea pale utasikia zaidi habari za waliokutana kuliko za waliopika. Waliopika waliacha watoto. Jina Manyema, lililokuwa likimkumbusha mtu alikotolewa, wenyewe waliligeuza kuwa jina la jamii yenye ngoma zake, mitaa yake, hata msikiti wake Dar es Salaam. Hayo hayakufanywa na Sultani wala na gavana.

Kwa hiyo ukila migebuka ya mawese na sombe Ujiji, na kuna mzee mezani, usianze kwa kuuliza "ninyi mlikuwa watumwa?" Hilo swali linafunga mlango. Muulize bibi yake alijifunza wapi kuondoa uchungu wa muhogo, na nani alimfundisha. Muulize ukoo ulivukaje ziwa, kwa mtumbwi wa nani. Watu wengi ambao hawatakuambia habari ya minyororo watakueleza vizuri sana habari ya chungu, na katikati ya chungu hicho utasikia mengine. Ukisikia, andika tarehe, andika jina la kijiji, na mwombe ruhusa kabla hujampelekea mtu mwingine.